Weka Tena Kidole

Chini ya mwavuli, sokoni Tandika,
kijana alinishika dole gumba kwa upole:
"Weka tena, mama, mashine haijasoma."
Nikaweka. "Tena." Nikaomba radhi:
miaka ishirini ya kumenya mihogo
imekisugua kidole hiki, mistari imefifia.
Nikakifuta kwenye khanga, nikaweka mara ya tatu.

Kumbe kilisomeka mara zote.

Laini moja niliondoka nayo.
Mbili zilibaki zikizurura kwa jina langu,
zikiandika usiku, "Ile hela itume namba hii,"
na mtu wa Namanyere, asiyenijua,
akatuma ada ya mwanawe.

Kituoni Chang'ombe askari akafungua daftari.
"Jina?"
"Sikujua."
"Sikuulizi ulijua au hukujua. Jina!"
Ndilo hilo, afande. Alinipa bibi.

Siku hizi kila mwisho wa mwezi
nabonyeza nyota, mia na sita, alama ya reli,
nahesabu laini zangu kama vifaranga jioni.
Na mashine ikigoma, siombi radhi tena:
nakunja ngumi, dole gumba ndani,
nauliza kwanza imesoma nini.