Tope la Safu ya Tatu

Mimi ndiye mshika daftari. Kalamu naifunga kwenye ukaya,
naingia hori la Mkunumbi hadi mapajani
kuhesabu chaza, kamba kwa kamba:
walio hai huku, makombe matupu kule.

Mwaka wa kwanza tulijisifu.
Tuliambiwa chaza mmoja huchuja ndoo nzima na zaidi kwa siku,
na kweli, maji yaliyokuwa rangi ya chai ya maziwa
yalitakata hadi ukaona kucha zako za miguu.
Tukaongeza safu. Hoteli za Shela zilitaka dazeni nyingi.
Hakuna aliyeuliza kilichochujwa kinawekwa wapi.

Ufagio haumalizi taka. Huihamisha.

Shaabani, maji mafu, mkondo umelala,
nikakanyaga chini ya safu ya tatu
harufu ikanipanda puani: yai viza.
Nikachota. Ile ngozi ya juu, ya kahawia,
rangi ya kutu, rangi ya mdalasini, haikuwepo.
Weusi mtupu, weusi wa masizi ya chungu,
na ndani yake kitu kigumu, cha duara,
nilichokitia mfukoni bila kukitazama.

Lali wa Bi Tima alikuja na bomba la plastiki.
Alilidunga, akalichomoa, akalipasua ubavu
kama mtu akataye mkate wa sinia.
"Si ugonjwa," akasema. "Ni kuvimbiwa.
Chaza anakula, ananya, asichokitaka anakitema na ute,
vyote vinashuka hapa. Vijidudu vya tope navyo vinakula,
na kila tonge linataka pumzi.
Kikiwa kidogo, tope linashukuru.
Kikizidi, oksijeni inakwisha,
jiko linashikwa na wale wasiohitaji pumzi,
wanaopikia salfa ya maji ya chumvi.
Unachonusa ni mvuke wa sufuria yao."

Nikafungua ukurasa mpya.
Nitrojeni, niliandika, kwa herufi kubwa, kama jina la mdeni.
Imeingia: kwa mvua, kutoka mashamba ya juu.
Imetoka kwa kapu: ndani ya nyama ya chaza tuliouza.
Imetoka kwa hewa: ile ambayo tope lenye ngozi nzima
huigeuza upepo, ikaenda zake bila kuaga.
Imebaki:
hapo Lali akakuna kidevu.
Tope likikosa pumzi, alisema, halizuii kitu,
linairudisha majini ile ile,
na chuma kikilegeza mkono, fosforasi nayo inaponyoka.
Ni kiasi gani? Hajui. Atapima, ataleta.
Nikaacha nafasi.

Kikaoni Somoe akacheka.
"Tope ni tope. Yeo ndiyo mwayua lanuka?"
Tukacheka sote, nami pia,
maana hata nyuma ya mikoko, pasipo chaza hata mmoja,
hunuka tangu enzi za bibi zetu.
Ndipo nikakumbuka mfuko wangu.
Pete yake ya fedha, iliyomtoka Rajabu ya mwaka jana
akifunga kamba za safu ya tatu.
Nikamwekea kiganjani. Hakuijua.
Nyeusi kama iliyotoka motoni,
naye aliyezoea kuiona iking'aa
akaipindua, akaipindua, asiseme.

Bamvua lililofuata tuling'oa nguzo.
Tulipoteza chaza dazeni kumi na moja,
na mwenye hoteli akapiga simu, akapiga tena.
Safu tukaziachanisha hatua nane nane,
ya tatu tukaihamishia mkondoni,
pale maji yanapokuvuta kanga.

Lali hajarudi na hesabu zake.
Somoe ameisugua pete kwa ndimu na majivu;
imerudi nyeupe, ila kwenye nakshi
pamebaki mstari mwembamba usiotoka.

Leo nimepita pale palipokuwa na safu.
Bado panatoa harufu, si kama zamani, au pua yangu imezoea.
Juu kuna ngozi, nyembamba kuliko ya kitunguu,
rangi ya mdalasini, imechanika hapa na pale.
Na tundu moja, lenye vidonge vya tope pembeni,
mtu katoa udongo nje usiku kucha.

Nimeandika tarehe.
Nimeandika: kaa, mmoja.