Ng'wana Nani?

Sekunde tisa.
Mama Nyanzobe wa Mwaloni Kirumba
ameandika: dagaa, gunia, Ukerewe, leo.
Amebonyeza, ameweka simu juu ya mizani,
amemhudumia mteja, amerudisha chenji,
na kile kiduara bado kinazunguka
kama kuku aliyesahau alikotaga.

Mtandao, akasema Kwilasa. Kwake siku zote ni mtandao.
Mtu wa seva akasema si seva.
Mtu wa injini ya utafutaji akafungua daftari lake:
milisekunde arobaini, soma mwenyewe,
nimejibu na kulala.
Kila mmoja mikono safi,
na katikati ya mikono safi sekunde zimepotea
kama sukari ya nyumba ya wapangaji:
hakuna aliyekoroga, kopo limekwisha.

Basi nikashuka kwenye maktaba yenyewe,
ile ya mteja, tuliyoiandika Kitangiri
huku tukichungulia Luku,
mistari elfu nne ya adabu:
pokea swali, lifunge, lipeleke, ngoja, leta jibu.
Haijawahi kusema imepita wapi.

Nikakumbuka magunia.
Mwaloni hakuna gunia lisafirilo uchi.
Rangi ya bluu, ni la Nyanzobe.
Kitambaa kwenye mshono, limepita kwa Bugumba mpakiaji.
Mkaa ubavuni, limeshapimwa.
Likifika Kongo limelowa,
mtu anazisoma alama kinyumenyume
mpaka anafika chini ya turubai lililotoboka.

Nami nikalipa kila swali alama yake,
herufi na tarakimu thelathini na mbili zisizo na maana,
na kila hatua nikaipa jina, na jina la mzazi,
kama tunavyoulizana huku kabla ya kupeana kigoda:
ng'wana nani? Wewe mwana wa nani?
Mimi ni Fungua Mlango, ng'wana Tafuta.
Mimi ni Subiri, ng'wana Fungua Mlango.

Maneno ya Nyanzobe sikuyaandika.
Kwilasa aliyataka, yatatusaidia, alisema.
Nikakataa. Usiku kuna anayetafuta bei ya gunia
na kuna anayetafuta atakayemkopesha.
Nyayo zinanitosha.
Mfuko wa mpita njia si wangu.

Siku mbili nilikosea.
Skrini ilijaa yatima,
hatua zisizojua zilikotoka;
kumbe alama nilimvika mzazi
nikasahau kumkabidhi mtoto alipotumwa.

Alhamisi, mvua ikipiga mawe ya Isamilo,
safari moja ikajichora nzima,
mistari mirefu na mifupi, kama nguo kwenye kamba.
Injini: milisekunde arobaini. Alisema kweli.
Mtandao: kidogo tu. Kwilasa akakohoa.
Halafu mstari mmoja mrefu, mwekundu,
ndani ya maktaba yetu:
iite nodi ya tatu. Ngoja sekunde tatu.
Ijaribu tena. Ngoja.
Tena. Ngoja.
Kisha, kimyakimya, nenda ya kwanza.

Nodi ya tatu tuliizima Aprili.
Miezi yote hiyo tumekuwa tukipiga hodi
kwenye nyumba iliyohamwa,
mara tatu kwa kila swali, kwa heshima zote,
tukimficha mgeni aibu ya mlango.

Nikamtafuta aliyeuandika mstari ule.
Juu yake kuna maelezo mafupi:
jaribu tena, usimsumbue mtumiaji.
Tarehe. Saa saba usiku.
Haya, ng'wana nani?

Wangu.

Nikaufuta, nikaandika mwingine
unaosema wazi ukishindwa.
Jioni Nyanzobe alibonyeza,
na simu haikuwahi kufika kwenye mizani.