Simu Tano

Lanzhou, saa kumi na moja alfajiri,
baridi inang'ata masikio.
Shouyi anafunga kamba za viatu gizani
asituamshe.
Kiunoni mwake simu tano:
yake, na zetu sisi wanne tuliolala.

Chuo kinatudai kilomita mia na ishirini kwa muhula.
Sisi tunamlipa Shouyi tambi,
bakuli moja kwa kilomita kumi,
pilipili juu yake mwenyewe.

Basi mwaka ule nilikimbia sana.
Ramani shahidi: mstari wangu mwekundu
umeuzunguka uwanja, umeambaa na Huang He,
umerudi bila jasho.

Mei ikaja na mtihani wenyewe, mita elfu moja.
Mwalimu Qiao filimbi mdomoni,
simu zote mezani.
Mzunguko wa pili mapafu yakanidai,
deni na riba ya deni.

Shouyi alishamaliza, yuko nyasini anakunywa maji.
Akaniona.
Akainuka, akaja kukimbia ubavuni mwangu,
polepole, hasemi kitu,
mkono ukipapasa kiuno kitupu
pale nilipozoea kubebwa.