Mita Mia Mbili na Kumi

Kutoka mdomo wa tanuri hadi mezani kwangu
ni mita mia mbili na kumi. Nimezihesabu kwa miguu,
ngazi kwa ngazi, vumbi la saruji likinipaka mvi.

Moto wote ule, na sauti yake ni milivolti chache,
hafifu kuliko sisimizi akivuka karatasi.
Kila mota njiani inaupigia makelele,
ndiyo maana nyaya zake tumezisokota mbili mbili,
tukazivika foili,
tukazipitisha mbali na kebo za umeme mkubwa.

Wiki nzima, saa saba mchana, namba ilishuka
nyuzi thelathini. Zamu ya usiku haikuona kitu.
Tukaongeza mafuta. Matofali ya ndani yakaanza kulia.
Nyafwono akasema, "Tanuri halina kosa. Fuata waya."

Juu ya paa, mwamba wa Tororo ukinitazama kisogoni,
nilifungua kisanduku kilichokaangwa na jua.
Kuanzia pale hadi chumbani kwenye kiyoyozi
ilikuwa shaba tupu. Waya wa taa!
Shaba haikudanganya. Haikujua tu lugha ya tanuri,
na chochote jua lilichokipasha kisanduku
ilikikata kimyakimya kwenye hesabu.

Utepe mweusi umekunjwa pembe,
kama nikunjavyo mimi.
Ile Krismasi bohari ilipoishiwa. Nilisema, ni ya siku mbili.

Koili mpya inatoka Kampala Alhamisi.
Nitaivuta mwenyewe.
Nyafwono atashika ngazi;
hajaniuliza utepe ni wa nani.