Jiwe la Sikio

Rannvá hupasua kichwa kwa kisu chembamba,
juu kidogo ya jicho,
akachokoa kwa kibano jiwe jeupe
dogo kama punje ya mchele.

Chewa hana cheti cha kuzaliwa
ila hicho. Chini ya hadubini
jiwe lina miviringo: mweusi ni baridi, mweupe ni kiangazi,
na mwanamke huhesabu kwa midomo, bila sauti.

Moja. Mbili. Tatu.
Tatu. Tatu. Mbili. Tatu.
Trei ya mawe mia nne, na asubuhi nzima
hajamwona wa miaka saba.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga.
Walikuwa wakizungumzia watoto.
Wenye nyavu walisikia vibaya.

Ukutani, huku mvua ya Tórshavn ikipiga dirisha kwa ubavu,
kuna chati: mstari wa wanaozaliwa,
mstari wa wanaovuliwa,
na wa tatu, mwekundu, ambao hakuna
aliyewahi kuuona majini.
Ukishuka chini yake, huli tena faida,
unakula mtaji.

Kompyuta inampa jibu lenye mdomo wazi:
zimo tani elfu kumi na moja, huenda,
au elfu ishirini na sita, huenda.
Kati ya huenda na huenda
pana rehani ya meli, kiwanda cha minofu,
shule yenye watoto kumi na wanne,
na kaka yake.

Hanus alipiga simu saa nne.
"Mwaka jana mlisema hawapo, nikawajaza hadi sitahani.
Mnahesabia wapi, ninyi? Bafuni?"

Hakumjibu kwamba samaki wakipungua
hujikusanya, kama ndugu kwenye msiba,
na anayejua msiba ulipo
atajaza chombo hadi siku ya mwisho.
Alisema tu, "Msalimie Billa."

Waziri anataka tarakimu moja. Kufikia Ijumaa.
Huenda haina safu kwenye fomu.
Akaandika kumi na moja.
Akafuta.
Akaenda kuosha kikombe kilichokuwa safi.
Akaandika kumi na moja.

Jumamosi, mezani kwa kaka yake: viazi, siagi, mvuke.
Redio imekwisha kuitaja ile tarakimu, mara mbili.
Hanus hamtazami. Anapakua,
anamwekea dada yake kichwa.
Ni heshima au ni kejeli,
sahani haisemi.

Vidole vyake vinaijua njia hata gizani.
Jiwe linatoka. Analiinua kwenye taa.
Mtoto anaacha kugonga kijiko.
Midomo ya Rannvá inacheza mara tatu tu.

"Ngapi?" anauliza Hanus.

"Kula kwanza," anasema, "chakula kitapoa,"
na jiwe analitia mfukoni.