Nambari Ishirini na Moja

Kitabu cha tisa, cha mwisho, kilifika Mwembe Kuku nakala moja,
nasi kwenye foleni tulikuwa ishirini na mmoja.
Ghalib fundi saa alikikodisha kwa usiku,
shilingi thelathini, "na ole wake atakayekirudisha kinanuka papa."
Mimi nilikuwa wa mwisho.

Tulimjua Kisuse tangu ana miaka kumi na mitatu,
jasusi mwenye chunusi, anayefungua kufuli
kwa kibanio cha nywele cha mamake.
Kwa ajili yake tulinyemeleana vichochoroni Kibokoni,
tukaandikiana barua kwa maji ya ndimu,
tukaunguza nyusi juu ya mshumaa tukiyatafuta maneno.
Sasa Badru ana kitambulisho na deni la pikipiki.
Nyevu ananyonyesha.

Swabra, nambari moja, alikirudisha kabla ya saa mbili,
akakiweka juu ya kioo, kati ya saa zisizotembea,
akaomba maji. Hakuna zaidi.
Nyevu alimsimamisha kila aliyepita:
"Vitabu vinane anawaokoa, cha tisa wanampa asante
na kumwambia arudishe viatu! Viatu, jamani!"
Badru aliapa ni vitunguu vya mama, vya kachumbari,
lakini siku hiyo mamake alikuwa Voi, matangani.
Mwakio wa Changamwe alisoma na penseli mkononi:
uk. 97, mtu mwenye risasi begani haogelei hivi. Nimemuuliza nesi.
Naye Dzame alikomea ukurasa wa mia tatu,
akakifunga, akalipa, akaenda zake.
"Kwangu mimi bado yuko juu ya paa," alisema.
"Mwacheni hapo hapo."

Kikanifikia kimenenepa kwa jasho la watu.
Nikasoma vitabu viwili kwa mpigo:
cha Kisuse, na cha vidole.
Ukurasa wa mia na arubaini una wekundu wa mabuyu
hadi pale Tabasamu anapoanguka. Kisha karatasi nyeupe.
Mlaji alisahau kula.
Kwenye usaliti wa mwalimu wake, pembe imekunjwa,
ikakunjuliwa, ikakunjwa tena.
Na mara tatu, katika sura za usiku, harufu ya mafuta ya saa.

Halafu mwisho wenyewe.
Kisuse kwenye benchi la stesheni, miguuni soksi tupu,
na mtoto asiyemjua anamuuliza, "Wewe nani?"
Nukta. Basi.
Niliigeuza karatasi kama mtu aliyepunjwa chenji.
Nilimtukana mwandishi hadi kaka yangu akagonga ukuta.

Ndipo nikanusa.
Ile karatasi ya nyuma kabisa, isiyo na kazi,
ilikuwa na harufu ya ndimu.
Nikawasha mshumaa. Mkono ulitetemeka
kama wa mtoto wa darasa la sita.
Maneno yakaja polepole, kahawia, kama chapati inavyoiva:

Kisuse amenyamaza, wala sisi hatusemi,
Yule aliyeuliza, jawabu lake ni mimi,
Miaka ikitukuza, utotoni hatuhami,
Waraka ukiunguza, usiunguze ulimi.

Hakuna jina. Tulifundishwa vizuri.
Mwandiko ni wa mkono wa kushoto, umepindishwa makusudi,
kama kitabu cha pili kinavyoelekeza.
Huenda ni Swabra na yale maji yake.
Huenda ni Badru, wallahi, sitashangaa.

Asubuhi Ghalib alikipekua, akaliona doa la moto.
"Hamsini ya ziada." Nikatoa.
Yeye husema vitabu vya watoto havigusi.
Akaiinamia saa ya mtu, lenzi jichoni, bisibisi hewani.
"Yule mtoto wa stesheni," akauliza bila kuinua kichwa,
"wewe ulimwona wa kike au wa kiume?"