Sarafu za Lifti

Mimi ndiye mwenye ufunguo wa kisanduku cha lifti.
Kila mwisho wa mwezi nakifungua,
namwaga sarafu juu ya meza ya jikoni,
naandika daftarini: ghorofa tisa, milango thelathini na sita.
Hapa Kutaisi, katika jengo letu, lifti haikupandishi bure.
Ukiingia mikono mitupu utasimama humo kama gunia.

Ndivyo nilivyojua ya Tsiala.
Si kwa sikio. Sikio lilijua zamani, nikalifunika kwa mto.
Nilijua kwa hesabu.

Ghorofa ya saba, viazi kilo kumi, mtoto kiunoni,
na anapanda ngazi.
Januari anapanda. Februari, barafu viatuni, anapanda.
Nikamuuliza, "Lifti inakutisha?"
"Hapana, shangazi Lamara. Napenda mazoezi."
Akavuta mkono wa sweta hadi kwenye vidole.

Tuseme kweli: sote tulisikia.
Nanuli wa ghorofa ya sita aliongeza sauti ya televisheni.
Badri, wanayepakana ukuta, aliwasha mashine ya kutoboa,
saa nne usiku,
akatoboa ukuta asio na cha kuutundikia.
Mimi nilifua. Nilifua shuka zilizokuwa safi.
Asubuhi tukapishana ngazini:
baridi hii, bei ya jibini hii.

Machi, mkutano wa wakazi, chini, penye masanduku ya barua.
Ajenda: taka; paka wa Zaira; nyaya za lifti.
Nikasoma mapato, nikafunga daftari, nikasema,
"Kuna mlango mmoja hautii sarafu. Nataka tuseme kwa nini."
Hakuna aliyepumua ila paka.
Guram, mwenyekiti, akakohoa:
"Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana."
"Guram, nimeosha vikombe miaka hamsini.
Vikigongana, hulia vyote viwili.
Huko juu nasikia kinalia kimoja."
"Lakini mambo ya ndani..."
"Ndani ya nani? Akisukumwa, taa ya jikoni kwangu inacheza."

Ndipo Badri, mtu wa maneno matatu kwa mwaka,
akasema huku anatazama viatu vyake:
"Mama yangu pia alipanda ngazi."

Maazimio sikuandika. Yangeandikwaje?
Nanuli alichukua risiti ya umeme, akaigeuza,
akaandika namba ya simu ya msaada kwa herufi kubwa,
akaibandika ndani ya lifti.
Zaira akaibandua.
"Iwekeni ngazini," akasema.
"Anayeihitaji hapandi hiyo."

Jumanne, saa sita za usiku kupita kidogo, kikaanguka kitu kizito.
Nanuli akazima televisheni.
Sijui kama mnaelewa uzito wa jambo hilo:
jengo zima likasikia amezima.
Mlango wa Badri ukafunguka. Wangu. Wa Zaira.
Watu wakatoka na soksi, na mablanketi,
Guram na kofia ya manyoya juu ya pajama,
tukajaa ngazini, ghorofa kwa ghorofa, kimya.
Badri akagonga.

Zurab akafungua, nywele zimechanwa, anatabasamu.
"Kuna nini, majirani?"
Hakuna aliyemjibu. Tulitazama nyuma ya bega lake
mpaka bega likachoka, likasogea.
Tsiala akapita na mtoto, mguu mmoja una buti.
Nilikuwa nimeishika sarafu tangu nilipotoka kitandani;
nilipoitia kisandukuni ilikuwa na joto kama yai.

Sitawadanganya: alirudi kwake. Mara mbili alirudi,
na mara mbili tulitoka tena na soksi zetu,
na Guram hakutaja tena vikombe.
Sasa anaishi kwa dada yake, ng'ambo ya mto Rioni.
Zurab bado yupo. Hulipa lifti. Hupanda peke yake.

Kisanduku nakihesabu kama kawaida.
Ila kwenye ukingo wa dirisha, ngazi za ghorofa ya saba,
huwa kuna sarafu tatu, nne, zimepangwa.
Si zangu zote.
Sizigusi, wala siziandiki.
Mwezi uliopita ilipungua moja.
Nimekaa nawaza: ni nani mwingine anayepanda ngazi?